Si Mtandao, Ni Mimi

Leo sina habari ya siasa wala ya mpira. Nina jambo la kuungama. Ni la mwaka 2019, lakini kila mtu akiniambia "mtandao unasumbua" linanirudia upya.

Wakati huo nilikuwa mwandishi mchanga kwenye tovuti ndogo ya habari hapa Dar es Salaam. Tulikuwa watu watano na feni moja. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeonekana siogopi kompyuta, nilibandikwa kazi ya pili isiyo na posho: kuitunza seva. Seva yenyewe ilikuwa Ujerumani. Sijawahi kuiona hata kwa picha, ila usiku na mchana nilikuwa naiamrisha nikiwa Kinondoni.

Kwa wasiojua, kazi hii haina vitufe vya rangi. Unafungua dirisha jeusi, unaingia kwa SSH, unaandika amri, unabonyeza Enter. Hiyo SSH aliibuni Tatu Ylönen, Mfini, mwaka 1995, baada ya wezi kunasa maneno ya siri yaliyokuwa yakipita uchi kwenye mtandao wa chuo chake. Mwaka huohuo ndipo ilipozaliwa na Apache, programu tuliyotumia kuwafikishia wasomaji kurasa zetu. Ukiandika <code>apachectl start</code> inawaka, <code>apachectl stop</code> inazima. Basi. Mara nyingi mashine ikitii haisemi kitu, na kimya ndiyo habari njema. Ila pia haikuulizi "una uhakika?" Ukikosea, inatii vilevile.

Sasa kisa chenyewe. Dada mmoja wa pale kazini, aliyenitangulia sana, alikuwa ameandika habari ya mgogoro wa ardhi katika kijiji kimoja mkoa wa Pwani. Mle ndani aliweka orodha ya mashamba na barua za zamani alizozihangaikia miezi miwili. Kesho yake saa tatu asubuhi wanakijiji walikuwa na kikao. Mzee wao alikuwa mjini, amekaa steshenari anasubiri kuchapishiwa ile habari, kisha apande basi la mwisho arudi nayo.

Saa moja jioni simu ikalia. "Mdogo wangu, tovuti haifunguki. Mzee yuko steshenari hapa."

Nikaingia. Kuandika <code>df -h</code>, nikaona diski imejaa asilimia 100. Hifadhidata ilikuwa imekosa pa kuandikia, kwa hiyo kila ukurasa ulirudisha kosa. Nikatafuta mlaji, nikamkuta: faili la kumbukumbu za makosa, <code>error.log</code>, limevimba hadi gigabaiti 11. Nikalifuta kwa <code>rm</code>. Kimya. Nikashangilia.

Nikaandika tena <code>df -h</code>. Asilimia 100 vilevile.

Hapo jasho likaanza. Nilikuwa sijui kwamba kwenye Linux ukifuta faili ambalo programu bado imelishikilia, unafuta jina tu. Mwili wake unabaki kwenye diski mpaka programu iliyolifungua iliachie. Ilinipasa kulimwaga na si kulifuta, yaani niandike <code>> error.log</code>. Lingebaki lilipo, tupu, na nafasi ingerudi papo hapo.

Nikazima Apache kabisa, nafasi ikarudi. Kabla ya kuiwasha nikafungua faili la mipangilio ili nipunguze wingi wa kumbukumbu zinazoandikwa. Badala ya <code>LogLevel warn</code>, mikono ikiwa inatetemeka, nikaandika <code>LogLevel wran</code>. Nikaamuru iwake. Ikagoma. Nikajaribu tena, ikagoma. Mara umeme ukakatika, modemu ikazimika. Nikakimbilia bando la simu, nalo limebaki la kusalimia watu.

Nisikuchoshe. Nilipopata intaneti tena niliandika amri ambayo ilitakiwa iwe ya kwanza: <code>apachectl configtest</code>. Ikanitajia mstari wenye kosa. Nikarekebisha, ikajibu "Syntax OK", nikawasha, na hifadhidata nikaiamsha. Saa nne kasoro. Basi la mwisho lilishaondoka, na mzee alikuwa ndani yake, mikono mitupu.

Kumbe kuna njia ya kistaarabu. Ukiandika <code>apachectl graceful</code>, Apache hukagua kwanza mipangilio. Ikiwa na kosa, inakataa kuendelea, na ile inayohudumia wasomaji inabaki ikifanya kazi. Ikiwa salama, wanaosoma wanamaliziwa ukurasa wao kwanza, ndipo mipangilio mipya inashika. Hata nginx, aliyoitoa Mrusi Igor Sysoev mwaka 2004, ina utaratibu wa namna hiyo: <code>nginx -t</code> kukagua, kisha <code>nginx -s reload</code>.

Asubuhi dada akaniuliza, "Jana ilikuwaje?"

Nikajibu bila kupepesa, "Mtandao, dada. Unasumbua sana siku hizi."

Akaitikia kwa kichwa. Kikao cha kijijini kikaahirishwa wiki mbili kwa sababu zao wenyewe, na nakala zikafika baadaye. Nikajiambia yameisha. Lakini bahati si utetezi.

Siku tatu baadaye niliandika <code>history</code>, amri inayoorodhesha ulichowahi kuandika. Nilitaka kujua lile faili lilivimbaje. Nikakuta jibu: nilikuwa nimefungua mipangilio ile mwenyewe. Nikakumbuka. Wiki mbili nyuma nilikuwa nawinda kosa dogo, nikaweka <code>LogLevel debug</code>, kiwango kinachoandika kila kikohozi cha seva, halafu nikasahau kukirudisha. Hapakuwa na mtandao uliosumbua. Palikuwa na mimi.

Kilichonichoma zaidi ni habari niliyokuwa naiandika wiki hiyo. Kuna afisa nilimbana anieleze jalada la mwananchi limepotelea wapi, akanijibu, "Mfumo ulikuwa chini." Nilimcheka kwenye rasimu yangu. Nikaisoma ile rasimu, nikajiona.

Nikamfuata dada mezani kwake. "Dada, siku ile haukuwa mtandao. Nilikosea mimi, halafu nikakudanganya." Alinyamaza kwa muda. Si kila kimya ni habari njema, huo ulikuwa mzito. Kisha akasema, "Mzee yule alinipigia kunipa pole mimi, akidhani nimehujumiwa. Utampigia wewe umweleze." Akavuta kiti. "Halafu kaa hapa unifundishe hizo amri. Ofisi nzima haiwezi kutegemea mtu mmoja mwenye aibu."

Nilimpigia mzee. Alicheka, akaniambia hata trekta linamshinda anayelijua.

Tulibandika karatasi ukutani: kagua nafasi, mwaga usifute, <code>configtest</code> kwanza, <code>graceful</code> baadaye. Mstari wa mwisho aliuongeza dada kwa kalamu nyekundu: "Ukikosea, sema usiku huohuo."