Ufupi na Haki

Ufupi wa maneno ni pambo la akili, lakini pambo lisilotazamwa vema huweza kumchoma alivaaye. Jambo hili nilifunzwa na mwanafunzi wangu.

Jioni moja nilikaa nyumbani Kizingo, ambako meli hupita karibu na ufuo zikiingia bandari ya Kilindini, nikitazama alama za hesabu za wanafunzi 42. Nilitaka majina ya waliopata chini ya 40, niwafundishe tena Jumamosi. Kazi hiyo niliipa kompyuta kwa Python, lugha ya kuamuru mashine iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991.

Kwanza niliandika mistari minne: weka orodha tupu, mpitie kila mwanafunzi, pima alama yake, ikiwa ndogo, tia jina lake orodhani. Wasiofanya mtihani niliwaandikia None, yaani hakuna, nikaagiza warukwe. Kisha nikakumbuka kuwa tangu mwaka 2000 lugha hiyo inaruhusu mzunguko mzima kuandikwa kwa mstari mmoja, mfano wa wanahisabati waandikavyo seti. Nikafuta, nikaandika:

[jina for jina, alama in matokeo if alama and alama < 40]

Maana yake: nipe jina, kwa kila jina na alama iliyomo katika matokeo, ikiwa alama ipo, na ni chini ya 40. Mombasa ni mji wa Muyaka bin Haji, bingwa wa kutia jambo kubwa katika ubeti mdogo. Nami usiku ule nilijiona mrithi wake.

Jumatatu kijana mmoja alinijia peke yake. “Shikamoo, mwalimu,” alisema akiinamisha macho. “Wenzangu uliwaita. Mimi umenikatia tamaa?”

Alama yake ilikuwa 0. Nilipokuwa nikifupisha nililikata sharti la None, nikabakiza “if alama”. Na Python, ikiulizwa hivyo, huihesabu 0 kuwa si kitu, sawasawa na None. Aliyehitaji msaada kuliko wote ndiye aliyeachwa nje. Mashine haikukosa, ilitii. Nilimtaka radhi, nikamfundisha jioni ile ile, kisha nikasahihisha:

[jina for jina, alama in matokeo if alama is not None and alama < 40]

Maneno matatu yaliongezeka, na mtoto mmoja akarudi darasani.

Sikukatazi ufupi, msomaji. Mzunguko wenye tendo moja na sharti moja lililo wazi hupendeza katika mstari mmoja, na husomeka kwa pumzi moja. Masharti yakianza kupandana, rudi kwenye mistari minne bila haya. Na kabla ya kujisifu, ujaribu mstari wako kwa 0, kwa None na kwa orodha tupu. Ondoa maneno yaliyozidi, lakini hakikisha kwamba katika kuyaondoa hukumwondoa mtu.