Mpunga wa Watu

Kazi ya mpunga niliianzia kwenye mizani. Nilikuwa karani wa ghala kwenye mashine ya kukoboa huko Usangu, wilayani Mbarali, na kazi yangu ilikuwa kuandika: jina la mkulima, magunia, kilo, tarehe. Kwetu mavuno huingia kwa wingi kati ya Mei na Julai, bei ikiwa chini. Anayeweza kusubiri huukausha mpunga wake, akauweka kwa mwenye mashine mpaka bei ichangamke mwanzoni mwa mwaka, ndipo akaukoboa na kuuza. Kwa hiyo ghala hujaa hadi karibu na paa, na sehemu kubwa ya kilichomo si mali ya mwenye ghala.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa mkarimu mno. Mfanyabiashara akija na Fuso tupu na ahadi ya kulipa wiki ijayo, alipakiwa. Ndugu mwenye harusi alipewa gunia. Waliobaki aliwaambia "njoo kesho", nao wakaja kesho na keshokutwa, hadi haya zikamshika akawapa. Januari wenye mpunga walipokuja na risiti zao, mzigo haukutosha. Mama mmoja aliketi juu ya turubai la kuanikia, risiti mkononi, akihesabu kwa vidole ada za wanawe. Yule bosi hakuwa mwizi. Alikosa ubavu wa kukataa tu, lakini hasara ya yule mama ilikuwa ileile. Mashine ikauzwa kulipa madeni.

Nilipofungua mashine yangu Igurusi, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, nilibandika masharti ukutani hata kabla ya bei ya kukoboa. Mpunga wa mtu hautoki bila mwenyewe na risiti yake. Lumbesa hatupakii. Saro haiingii kwenye mfuko ulioandikwa Kyela. Saa nne usiku mashine inazimwa.

Kila sharti lilinigharimu wateja. Sheria ya Vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini wanunuzi walikuja na magunia ya lumbesa, yaliyoongezewa kipande juu, wakitaka tujaze mpaka kilele kishonwe kwa kamba. Kilo hizo za ziada ni jasho la mkulima. Wengine walitaka Saro yao ipakiwe kama Kyela, kwa kuwa mchele wa Kyela unasifika kwa harufu na bei yake iko juu. Saro ni mbegu nzuri, inazaa sana. Iuzwe kwa jina lake. Na aliyenipigia usiku kwamba gari linangoja, nilimwambia vijana wangu wamelala. Mkanda wa mashine haumhurumii mwenye usingizi.

Wafanyabiashara walinuna wakaenda kwa majirani. Kazi ilikuwa kwa ndugu. Baba yangu mdogo alikuja asubuhi moja, akakaa kwenye benchi la wapakiaji.

"Mwanangu, nataka magunia matano tu ya harusi. Humu yamejaa, nani atajua?"

"Baba, hayo si yangu. Siwezi."

"Unaninyima mimi, niliyekulea?"

Nilimwonyesha karatasi ukutani. "Hata mimi nikitaka gunia la mtu humu, lazima aje mwenyewe na risiti. Ila mchango wa harusi nautoa, kutoka mfukoni mwangu, na nautoa leo." Nikamhesabia. Hakuufurahia, akasema maneno kwenye ukoo, lakini harusini alinikalisha meza ya mbele. Msimu uliofuata alileta mpunga wake mwenyewe kwangu, akasema kule kwingine haamini kama ataukuta.

Tangu hapo nimeajiri makarani wengi, na wote nawafundisha jambo moja kabla ya mizani. Mtu akikataliwa kwa sharti lililokuwepo kabla hajafika, atakasirikia sharti. Akikataliwa kwa sharti lililotungwa mbele yake, ataona amedharauliwa. Na akizungushwa kwa "njoo kesho", amekataliwa pia, na nauli yake imepotea.

Wewe unayeongoza biashara, hata iwe kibanda, tenga chako na cha watu. Andika masharti kabla hujaombwa, uyafuate wewe wa kwanza. Na pale unapojua jibu ni hapana, liseme siku hiyohiyo, mwenzio akatafute kwingine mapema.