Rosa Mistika na Msomaji Aliyeanzia Mwisho

Wanafunzi wanaponiuliza ni mtunzi gani wa Kiswahili ninayempenda kuliko wengine, huwajibu bila kusita: Euphrase Kezilahabi. Jibu hilo ni la kweli, lakini lina upungufu ambao sijapata kuukiri hadharani. Riwaya yake ya kwanza ilinivunja moyo, na kwa miaka mingi niliwafundisha wengine kuidharau kama nilivyoidharau mimi.

Nilimsoma Kezilahabi kinyumenyume. Nilianza na Nagona (1990), mwaka 2002, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, nikiishi na wazazi na ndugu zangu Kawangware. Nilikisoma kitabu kile chembamba usiku, wenzangu wakiwa wamelala na mvua ikipiga mabati. Sikukielewa, na huko kutoelewa kwenyewe kulinifurahisha. Hapakuwa na mtaa nilioujua wala baba niliyemjua. Palikuwa na msafiri, wendawazimu, na ukweli usiokubali kukamatwa. Nilipomaliza Mzingile (1991), niliamini kwamba riwaya ya Kiswahili imefika mahali ambapo haiwezi tena kurudi nyuma.

Kisha nikaifikia Rosa Mistika, iliyochapishwa Nairobi na East African Literature Bureau mwaka 1971. Nilikutana na msimulizi anayemshika msomaji mkono na kumweleza asije akapotea. Niliona maafa yakifuatana upesi mno: baba mlevi anayempiga binti kwa sababu ya barua ya kijana, binti anayeupata uhuru asijue la kuufanyia, utoaji wa mimba, na hatimaye kujiua. Kwa istilahi zetu, nilihukumu kwamba maudhui yameimeza fani. Nilipopewa darasa la kufundisha, niliiita kazi ya ujanani, maana mtunzi, aliyezaliwa mwaka 1944, alikuwa bado katika miaka yake ya ishirini. Niliitengea saa moja katika muhula, kisha nikakimbilia Kichwamaji (1974) na kuendelea mbele.

Hukumu hiyo haikubaki ndani ya ukumbi wa mihadhara. Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wa uzamili, mzaliwa wa Laini Saba huko Kibera, aliniletea pendekezo la kuandika tasnifu kuhusu Rosa Mistika. Nilimshauri abadili mada, nikamwambia kwamba ukomavu wa Kezilahabi unapatikana kwingine. Alitii. Aliandika juu ya Nagona, akafuzu, akaenda zake.

Nilikutana naye tena katika Soko la Toi, mahali nilipokwenda kutafuta viatu. Alinisalimu kwa adabu yake ya siku zote. Labda dhamiri ilikuwa inanisumbua, kwa maana nilianza kujitetea kabla hajaniuliza neno. Nilimweleza kwamba nimebadili msimamo: sasa naiona Rosa Mistika kuwa mbegu ya Nagona, kwa kuwa swali la nani mwenye hatia, linalofikishwa mbele ya Mungu mwishoni mwa riwaya, ndilo linalogeuka baadaye kuwa safari ya kuutafuta ukweli.

Alinisikiliza hadi mwisho. “Mwalimu,” akasema, “hata hivyo hujamsoma Rosa. Unamtafuta mtu mwingine ndani yake. Shuleni kwetu nakala moja ilipita mikononi mwa darasa zima mpaka jalada likatoka. Hakuna aliyehitaji kuelezwa Zakaria ni nani.”

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Nami sikuhitaji kuelezwa Zakaria ni nani. Katika chumba kile kile cha Kawangware, miaka michache kabla sijaanza kuisoma Nagona, dada yangu mkubwa alipigwa kwa ajili ya barua. Mimi nilikuwa mlangoni, nikanyamaza. Sidai kwamba tukio hilo ndilo lililoniongoza kuhukumu fani ya riwaya. Nasema tu kwamba nilipokutana na kitabu kilichotaja jambo hilo kwa jina lake, niliona usahili, na nilipokutana na kitabu kisichonikumbusha nyumbani, niliona ukomavu. Mhakiki anapaswa kushuku mafanikio ya aina hiyo.

Nimeisoma upya. Kasoro nilizoziona zingali pale. Msimulizi angali anasema zaidi ya inavyohitajika, na mwisho ungali una haraka. Lakini uwazi niliouita uchanga ulikuwa na gharama yake: riwaya hii ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kabla ya kukubaliwa baadaye kuwa kitabu cha kufundishia. Mahubiri ya kawaida hayaogopwi hivyo.

Aidha, sababu ya kuvunjika moyo kwangu imebadilika. Zamani nilisikitika kwa niaba ya mtunzi, kwamba alikuwa bado hajawa yule niliyemhusudu. Sasa nasikitika kwa niaba ya Rosa. Msafiri wa Nagona amepewa nafasi kubwa ya kuwaza; Rosa, mwenye mengi zaidi ya kuwaza, mara nyingi anaonekana kutoka nje tu, akitendwa au akitenda. Huu ni upungufu halisi, na hauelezwi kwa kusema kwamba mtunzi alikuwa kijana. Wala haufutwi kwa kusema kwamba riwaya ni mbegu ya nyingine, kwa sababu anayesoma mbegu kwa ajili ya mti hajaitazama mbegu.

Kezilahabi alifariki Januari 2020, na kazi zake sasa zimekamilika mbele yetu. Tuna kishawishi kikubwa cha kuzipanga kama ngazi, kila moja ikikanyagwa ili kuifikia inayofuata. Katika kozi yangu sasa tunaanza na Rosa Mistika, nami nimeipa majuma matatu. Tasnifu niliyoizuia bado haijaandikwa. Akija mwanafunzi mwingine na pendekezo kama lile, nitamwuliza kwanza alikisoma kitabu hicho wapi, na akiwa pamoja na nani.