Pima Moja na Nusu

Mjomba wangu ukitaka akusikie, kaa kulia kwake. Hilo nimelijua tangu utotoni, kabla sijajua sababu. Kila Desemba tulishuka Shimoni, sisi watoto wa Umoja tusiojua hata kupara samaki, na mama alitusukuma mmoja mmoja: "Pita upande ule, mjomba wako huku hasikii." Kushoto kwake palikuwa pa paka na redio.

Nilipokuwa mkubwa ndipo akanieleza. Alikuwa na miaka kumi na saba, anazamia jongoo bahari na wenziwe, miwani usoni na pumzi kifuani, basi. Mtungi wa hewa waliuona kwa wageni tu. Wakubwa walikuwa wamemwambia sikio la mzamiaji ni kama jipu: liache lipasuke mara moja, halitakusumbua tena. Siku moja, pima nne chini, likapasuka. Na kweli maumivu ya kuzama hayakurudi. Kilichokuja ni usaha, miaka na miaka, kila akitoka majini, mpaka akajikuta kila simu anaipeleka sikio la kulia bila kufikiri.

"Wakubwa hawakusema uongo," aliniambia. "Hawakumaliza maneno tu."

Hadithi hiyo nilikuwa naijua yote, mwanzo hadi mwisho, siku nilipopasua la kwangu.

Mimi nakula kwa masikio. Nakaa kwa chumba changu Roysambu na hedifoni, nasikiliza rekodi za mikutano ya Wamarekani wanaoongea wote kwa pamoja, naandika neno kwa neno. Nalipwa kwa dakika ya sauti. Mwaka juzi kazi ilinyesha miezi miwili mfululizo, nikaona badala ya kununua kochi la mkopo kama watu wenye akili, niende Diani nijifunze kupiga mbizi. Nimetoka kwa watu wa bahari, bana. Nilitaka kuona kule mjomba alikoacha sikio lake.

Nilipanda basi la usiku. Ukishuka kutoka Nairobi masikio yanaziba polepole, halafu pale karibu na Mtito unapiga mwayo, unameza mate, *tap*, yanafunguka. Hata hujui umefanya kazi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na presha ya hewa inaongezeka njia nzima hadi Mombasa. Baadaye nilipiga hesabu: ongezeko lote hilo, usiku mzima wa basi, ni sawa na kuzama chini ya mita mbili za maji. Pima moja hivi. Basi hukupa saa nane za kuizoea. Ukiwa na mtungi mgongoni unaimaliza kwa sekunde kumi.

Mwalimu wetu, kijana wa Ukunda mwenye subira ya mwalimu wa madrasa, alitueleza haya bwawani. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna kichumba chenye hewa. Mlango wake ni mmoja tu, mrija mwembamba unaotokea nyuma ya pua, na muda mwingi umefungwa. Ukimeza au ukipiga mwayo, unafunguka kidogo. Ukizama, maji yanasukuma kiwambo kwa nje, kwa hiyo lazima uingize hewa kwa ndani ili pande zote mbili zilingane. Kwenye mita kumi za kwanza presha inakuwa maradufu ya ile ya juu, ndiyo maana watu huumia karibu na uso wa maji, pale wanapodhani bado hawajaanza. Na kuna jambo moja alilirudia mpaka tukachoka: usingoje maumivu. Ukichelewa, presha inaukandamiza mrija wenyewe, na hapo hata upulize namna gani haufunguki. Rudi juu kidogo, ujaribu tena.

Njia inayofundishwa kwanza ni kubana pua, kufunga mdomo na kupuliza taratibu. Ina jina la daktari Mwitaliano, Antonio Maria Valsalva, aliyeieleza katika kitabu chake cha 1704. Yeye hakuwa na habari na wapiga mbizi. Aliitumia kusukuma usaha utoke kwenye sikio lililotoboka. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mjomba, nikacheka vibaya.

Niliuliza kama vizibo vya masikio vinasaidia. Mwalimu alinitazama kama niliyeuliza kama naweza kwenda na mwavuli. Kizibo kinafungia hewa nyingine upande wa nje, sasa una shida mbili.

Basi nilijua. Na asubuhi ya kuingia baharini nilikuwa na mafua.

Si mafua ya kulala kitandani. Pua nzito tu, zawadi ya kile kiyoyozi cha basi. Fomu iliuliza, nikatia alama kwenye "hapana". Nilikuwa nishalipa. Tena kwenye boti wateja tulikuwa sita, na Mkenya nilikuwa peke yangu. Wale wengine walikuwa wanalinganisha saa zao za kuzamia. Nahodha alikuwa amenisalimia kwa furaha ya kipekee, ile ya mtu anayeona mtoto wa nyumbani amekaa upande wa wageni. Wewe ungeinua mkono useme pua imeziba?

Mita mbili, sawa. Mita tatu, kama kidole gumba kinabonyeza. Wenzangu walikuwa wanashuka wima, miguu chini, mkono kwenye kamba. Mimi nilikuwa nimebaki nyuma, nikainamisha kichwa nikawafuata kama bata. Mita nne, sindano. Mwalimu akageuka, akaniuliza kwa mkono. Alama ya shida ya sikio tulifundishwa: unatikisa kiganja, kisha unaonyesha sikio. Ni rahisi, hata mtoto anaiweza. Mimi nilikunja kidole gumba na cha shahada, nikampa duara. Niko sawa.

Kisha nikabana pua nikapuliza kwa nguvu zangu zote.

Maumivu yaliisha papo hapo. Nilipata raha ya ajabu, labda sekunde mbili. Halafu kitu cha baridi kikaingia ndani ya kichwa, na bahari ikaanza kuzunguka. Sikujua juu ni wapi. Niliona mapovu yangu yanaenda pembeni. Mwalimu alinishika mkanda wa mtungi, akanikazia macho, akanisubirisha mpaka dunia ikatulia, ndipo akanipandisha polepole. Kwenye boti nilipovua miwani kulikuwa na damu kidogo puani. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ilianza kuuma wapi?" Nikasema ghafla. Hata hapo nilidanganya.

Safari ya kurudi ndiyo siisahau. Tunapanda kutoka Voi, sikio la kulia linaziba na kuzibuka kama kawaida. La kushoto, kimya. Haliumi, halizibi, limetulia tuli. Lina tundu, hewa inaingia na kutoka itakavyo. Hapo ndipo nilipowaelewa wale wakubwa wa mjomba. Lilikuwa halinisumbui.

Daktari Nairobi aliangalia kwa taa yake, akasema tundu ni dogo na nina bahati. Mengi ya aina hii hujifunga yenyewe kwa wiki au miezi kadhaa, mradi maji yasiingie. Pamba yenye Vaseline wakati wa kuoga. Nisipenge kwa nguvu. Nisitie dawa ya matone ambayo hajaniandikia, na vile vijiti vya pamba nivitupe kabisa. Kisha akawa mkali kidogo: kizunguzungu kikirudi, au usikivu ukipungua ghafla, nije siku hiyohiyo. Kupuliza kwa nguvu vile kunaweza kuumiza sikio la ndani, na huko hakuna kungoja lijiponye.

Nilifanya kazi na sikio moja. Kushoto kulikuwa na mlio kama wa friji ya jirani. Niliandika "fifteen" mahali pa "fifty", nikarudishiwa faili, nikashushwa daraja, malipo yakashuka nalo. Mwezi wa pili nilimpigia landlord kabla hajanipigia. Usiku nilikuwa nabana sikio la kulia kwa kidole, nasugua vidole karibu na la kushoto, napima. Leo kama jana. Leo kama jana.

Mjomba nilimwambia kwa simu. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani laini imekatika.

"Wajua mimi sikuwa na wa kuniambia nirudi juu," akasema. "We ulikuwa naye. Alikuuliza."

Tundu lilifunga mwezi wa tatu. Daktari alitaka kuona kiwambo kikicheza nikimeza huku nimebana pua, akaridhika, akaniruhusu. Mlio ulipungua. Nikisema umeisha nitakuwa narudia ile alama ya duara.

Nilirudi Diani msimu wa kaskazi, Januari, maji yametulia. Mwalimu ni yuleyule. Kabla ya kuingia nilimweleza yote, pamoja na ile "ghafla". Akasema alijua. Nilianza kusawazisha nikiwa bado juu, kisha kila nusu mita, taratibu, miguu chini, mkono kwenye kamba. Mita moja, poa. Mbili. Tatu, kulia *tap*, kushoto hakuna. Nikapanda kidogo, nikameza, nikainamisha kichwa kulia ili la kushoto linyooke. Hakuna. Nikajaribu tena. Chini yangu niliona wengine wakielea juu ya matumbawe, na mmoja anaonyesha kitu kwa kidole.

Nilitikisa kiganja. Nikaonyesha sikio.

Nilikaa kwenye boti na nahodha dakika arobaini na tano, tukila mahamri yake. Walipopanda walikuwa na habari ya kasa mkubwa kama meza. Niliumwa na wivu, sitasema uongo. Nikasuuza masikio kwa maji baridi ya chupa, nikainama upande huu na ule yatoke, nikavaa shati.

Jioni nilikuwa Shimoni. Mjomba alikuwa barazani. Nikampa shikamoo, nikazunguka nikakaa kulia kwake.

"Haya, mjomba, ulifika pima ngapi?"

"Moja na nusu."

"Moja na nusu!" Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanishika sikio la kushoto kwa vidole viwili, vile walimu walivyokuwa wakituvuta zamani, akaliinamia, akanong'ona kitu.

"Umesikia?"

Nikamrudishia alichosema, neno kwa neno.