Ukitaka kukimbiza gari, kimbiza mahali penye bendera

Haya wasomaji, nimerudi. Wiki tatu sijaandika lolote hapa, na wengine wenu mmeniuliza kama tarakilishi imeibwa. Haijaibwa. Nilikuwa na kazi ya mteja, halafu nikatoa Jumapili mbili kwenda kusaidia upande wa saa katika siku ya wapenzi wa magari huku kwetu, shamba moja kati ya Gilgil na Elmenteita. Kwa hiyo leo hakuna somo la hifadhidata. Leo ni magari, ingawa mtaona programu haiko mbali.

Kwa asiyejua, siku kama hii si Safari Rally. Hakuna helikopta wala timu kutoka Ulaya. Ni watu wa kawaida, mwalimu, mwenye duka la vipuri, daktari wa meno, wanaleta magari yao mahali palipofungwa na kukimbia kwa zamu kwenye njia ya vumbi iliyowekewa koni na matairi makuukuu. Jioni kila mtu anarudi nyumbani na gari lile lile alilokuja nalo. Hilo la mwisho ndilo lengo.

Eneo letu lina damu ya mchezo huu. Miaka ya 1950 palikuwa na mbio za mzunguko Langa Langa. Safari Rally yenyewe ilianza 1953, ikatoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 ikiwa na makao Naivasha na njia zake zikipita Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior. Mwaka 2022 mashabiki wa Subaru walipokuja Nakuru kwa sherehe yao, mji ulijaa hadi pa kuegesha pakakosekana.

Sasa swali: vijana wote hao wenye magari yenye turbo wanayajaribia wapi? Mnajua jibu. Barabara kuu ya Nairobi–Nakuru, usiku, baada ya mechi.

Barabara ile ina kikomo cha kasi, na hata hicho ni kikubwa. Hatuhitaji kukumbushwa. Tarehe 31 Desemba 2017, pale Migaa karibu na Salgaa, basi na lori viligongana uso kwa uso na watu 36 wakafa. Sisemi walikuwa wanashindana. Nasema barabara ya umma ina mtu anayekuja upande wa pili, naye hajui wewe unafanya nini.

Mtoto wa mjomba wangu ana Impreza. Aliniambia, "Kaka, mimi kuendesha najua. Shida ni hao wengine."

Nikamwambia, "Umesema kweli kuliko unavyodhani. Basi nenda mahali ambapo hao wengine wamekubaliana nawe kabla hujawasha gari."

Hapo ndipo kuna jambo lenyewe. Watu hudhani uwanja una usalama kwa sababu madereva ni hodari. Hapana, wengi wetu si hodari. Una usalama kwa sababu kila mmoja anaweza kutabiri mwenzake atafanya nini. Sisi waandishi wa programu tunaita hiyo itifaki: mashine mbili zinakubaliana mapema nani anasema, nani anasubiri, na ujumbe ukipotea nini kinafuata. Adabu ya uwanjani ni itifaki. Ukiivunja hujakosa heshima tu, umezima breki ya mtu mwingine.

Hesabu kidogo kabla hatujaendelea. Ukiwa kilomita 100 kwa saa unakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Ukichukua sekunde moja na nusu kushtuka na kukanyaga breki, umeshapita mita 42 bila kupunguza chochote. Kisha kwenye lami kavu utahitaji kama mita 55 zaidi, na kwenye murramu karibu 80. Tena nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi: gari la 140 lina nguvu karibu mara mbili ya gari la 100.

Haya, mambo yenyewe.

1. Nyumbani. Angalia tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne, wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2316 maana yake wiki ya 23 ya 2016, na tairi la umri huo liache nyumbani hata kama meno yake ni mazuri. Badilisha mafuta ya breki. Haya mafuta hunywa unyevu wa hewa: aina ya DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230, yakishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unaminyika, na pedali inazama hadi sakafuni bila gari kusimama. Kaza nati za magurudumu kwa spana yenye kipimo. Toa kila kitu ndani ya gari: jeki, tairi la akiba, na hasa chupa ya maji, kwa sababu chupa ikibiringika chini ya pedali ya breki ni kosa usiloweza kurekebisha ukiwa kwenye kona.

2. Kofia. Ya bodaboda haifai. Zile za Snell zenye herufi SA zimepimwa kwa ajili ya magari na zinahimili moto. Zenye herufi M ni za pikipiki. Abiria, akiruhusiwa, anavaa ile ile unayovaa wewe.

3. Maelezo ya asubuhi. Usichelewe, usicheze na simu. Bendera ya njano: kuna hatari, punguza, usipite mtu. Nyekundu: zoezi limesimama, punguza na urudi polepole. Buluu: nyuma yako kuna mwenye kasi. Njano yenye mistari myekundu: njia inateleza. Nyeusi ikionyeshwa pamoja na namba yako: ingia, kuna mtu anataka kuongea nawe. Bendera haibishaniwi. Kama una hoja, ipeleke chini ya mti ukishazima injini.

4. Kupita. Mahali magari yanapokimbia pamoja, hakuna kupita kwenye kona. Wa mbele ndiye anayeonyesha kwa mkono au taa upande wa kupitiwa, kisha anashikilia njia yake. Wa nyuma anasubiri ishara. Kumpisha mwenzako si kushindwa, hakuna kombe hapa.

5. Gari likizunguka. Kanyaga breki na klachi, ngoja lisimame. Kama hakuna moto na hauko hatarini zaidi, baki ndani na mkanda umefungwa, marshali waje. Aliyetembea kwa miguu kwenye njia ndiye anayegongwa.

6. Baada ya kukimbia. Zunguka mara moja polepole upoze breki. Ukiegesha usivute hendibreki zikiwa moto. Weka gia na jiwe chini ya gurudumu. Ukiongeza petroli, zima injini na watu wote watoke ndani.

7. Watazamaji. Simama juu, usisimame upande wa nje wa kona wala mwisho wa mstari mnyoofu, kwa maana gari lililoshindwa kukata huenda huko huko. Shikeni watoto. Na muulizeni mchungaji mapema ng'ombe watapita saa ngapi. Anajua kuliko waandaaji.

Sasa turudi kwenye programu, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza.

Kazi yangu ilikuwa rahisi: miali miwili ya mwanga, mmoja mwanzo na mmoja mwisho, na kibodi kidogo cha kielektroniki kinachoituma saa kwenye tarakilishi yangu. Nilijivunia sehemu za elfu za sekunde. Mzee mmoja aliyekuwa mkuu wa marshali akatazama skrini yangu, akaniuliza, "Kijana, hii inaniambia nani ameingia na hajatoka?"

Nikasema haikuombwa.

"Basi mimi naiomba."

Nikaandika mistari michache chini ya mti: gari likikata mwali wa kwanza, hesabu inapanda, likikata wa pili, inashuka. Gari la polepole zaidi lilikuwa likitumia dakika tatu na sekunde ishirini, kwa hiyo tukaweka kikomo dakika nne. Kikipita, skrini inakuwa nyekundu yote.

Alasiri ya Jumapili ya pili ikawa nyekundu. Vumbi la kule, wenyeji mnalijua, ni laini kama unga na huning'inia. Kona ya tatu ilikuwa haionekani, na kilima kilikuwa kimekata redio ya marshali wa pale. Mwenye zamu iliyofuata alikuwa mstarini, injini ikinguruma, anapiga honi aachiwe. Mzee akasimama mbele ya bampa yake na bendera nyekundu, akamnyooshea kidole azime. Akazima, akanuna.

Gari la mbele lilikuwa limelala ubavu katikati ya njia, nyuma tu ya tuta. Dereva alikuwa mzima, ananing'inia kwenye mkanda. Aliyenuna alikwenda kuliona kwa miguu, akarudi bila neno, akamshika mzee mkono kwa mikono miwili.

Wakubwa wa Safari Rally wana kitu hicho hicho kwa gharama zaidi: kifaa cha setilaiti ndani ya gari chenye kitufe cha kusema niko salama na kingine cha kuomba msaada. Na kati ya 2022 na 2024, magari ya daraja la juu yalipokuwa na mota ya umeme, yalikuwa na taa: kijani gusa, nyekundu usiguse. Ishara moja, maana moja, wote wameijua kabla. Hakuna ajabu nyingine.

Muda wa mbio ni starehe yetu. Ile hesabu ya waliongia na hawajatoka ndiyo iliyokuwa kazi. Nimeanza kuuliza swali la mzee hata kwenye programu za wateja wangu: nini kimeanza na hakijaisha, na nani ataambiwa?

Mtoto wa mjomba amejiandikisha kwa siku ijayo. Nimemwambia alete matairi mapya na masikio. Nanyi mnaotaka kujaribu, tafuteni klabu iliyo chini ya Shirikisho la Michezo ya Magari la Kenya, muulize kwanza kama kuna ambulansi na vizima moto. Wakisita, rudini nyumbani.

Wiki ijayo, hifadhidata. Naahidi.