Ameshashiba, Ataiba Nini?

Sentensi ya kwanza ya siasa niliyoishika kichwani sikuisikia redioni wala darasani. Niliisikia nikiwa nimebeba sinia la vikombe, kwenye mgahawa wa mama yangu, kandokando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Ilikuwa 2007, nina miaka kumi na moja. Baba mdogo, dereva wa malori ya Kongo, alikuwa amerudi safari siku hiyo. Alinawa mikono, akakata tonge la ugali, akasema: "Yule bwana ameshashiba. Sasa ataiba nini?"

Yule bwana alikuwa Moïse Katumbi, ambaye mwaka huo alikuwa ndiyo kwanza amekuwa gavana wa Katanga. Sisi pale mgahawani hatukuwa na kura Kongo, lakini tulikuwa na malori. Shaba ya Katanga ilipita mbele ya mlango wetu kwenda bandari ya Dar es Salaam, na mafuta na saruji vilipita kurudi. Gavana wa Lubumbashi akipiga chafya, madereva wetu walilala njiani. Na Katumbi alipiga chafya mapema tu: alizuia madini ghafi yasitoke nje, akitaka yachakatwe kwanza hukohuko. Baba mdogo alikaa siku nyingi kwenye foleni, akarudi amekonda. Ungetegemea amtukane. Wapi! Alirudi anamsifu.

Sifa zenyewe zilikuwa hivi. Moïse alikuwa na pesa kabla ya cheo. Alianza na biashara ya samaki, akaingia kwenye shughuli za migodi, na tangu 1997 ndiye rais wa klabu ya TP Mazembe. Wenzake wanakwenda serikalini wakiwa na njaa. Yeye anakwenda ameshiba. Hoja imekamilika, leta chai.

Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi tangu siku ile, na si kuhusu Kongo tu. Nadhani na wewe msomaji umeisikia, kwenye daladala, saluni, msibani. Kila tajiri akichukua fomu ya kugombea chochote, kuna mtu pembeni atasema ameshashiba. Ni hoja ya watu waliochoka. Anayeisema haamini kwamba kuna sheria au mkaguzi atakayemzuia kiongozi asile. Kwa hiyo anatafuta mtu ambaye tumbo lake lenyewe litamzuia.

Mezani kwa mama hoja hiyo haikupita bure. Tulikuwa na wateja Wakongo, wafanyabiashara wa vitenge, na Kiswahili chao cha Lubumbashi kilinifurahisha sana mimi mtoto. Mmoja alikuwa akigonga meza: "Moïse iko na makuta yake! Ataiba ya nini?" Mwenzake, mtu mzima mpole, alimjibu siku moja kwamba hajawahi kuona tajiri aliyesema sasa basi, zimetosha. Akauliza pia, migodi ile ilikuwa mali ya nani kabla haijawa ya watu binafsi? Yule wa kwanza hakujibu. Aliomba pilipili.

Kulikuwa na wengine waliomkataa kwa sababu ya damu. Baba yake Katumbi, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi wa Kigiriki kutoka kisiwa cha Rhodes. Mama yake ni Mkongo. Miaka mingi baadaye, 2021, hoja hiyo ya vijiweni ilipata suti na kuingia bungeni Kinshasa: muswada uliotaka rais awe mtu ambaye baba na mama yake wote ni Wakongo. Wengi walielewa ni nani anayepimiwa suti hiyo. Baba mdogo alipousikia alicheka kwa uchungu: "Wameshindwa kumfunga kwa mpira, wanabadilisha ukubwa wa goli."

Maana mpira ndio ulikuwa lugha ya yule bwana, na ndio uliotufunga na sisi kwake. Mazembe ilichukua ubingwa wa Afrika 2009 na 2010, na Desemba 2010 ikafika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu kule Abu Dhabi, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Walipigwa 3-0 na Inter Milan, lakini nani alijali? Mwaka uliofuata wakamchukua Mbwana Samatta kutoka Simba, kisha Thomas Ulimwengu. Kuanzia hapo mgahawa wetu ukawa wa Mazembe. Jioni ya tarehe 8 Novemba 2015, wiki mbili baada ya uchaguzi wetu wenyewe, Samatta alifunga penalti Lubumbashi dhidi ya USM Alger na kombe likabaki kule. Vijana walipanda juu ya meza za mama.

Kwa hiyo Katumbi alipotaka kuwaambia watu wa Lubumbashi kwamba Rais Kabila asiongezewe muhula wa tatu, hakuhitaji kitabu cha katiba. Aliwauliza habari ya mwamuzi anayetoa penalti mbili za uongo: ya tatu mtaikubali? Uwanja mzima ulielewa. Septemba 2015 akajiuzulu ugavana na kuhama chama, na 2016 akatangaza kugombea urais. Kilichofuata kilikuwa mashitaka, kwenda nje kwa matibabu, na hukumu ya kifungo bila yeye kuwepo, ambayo ilifutwa 2019.

Niache Lubumbashi kidogo nirudi nyumbani, kwa sababu sikuanza kuandika haya kwa ajili ya Katumbi.

2013 mama alifanyiwa upasuaji. Nilikuwa kidato cha tatu. Tulihitaji shilingi laki tatu na themanini elfu, na mgahawa ulikuwa na elfu sabini. Baba mdogo alikuwa njiani Zambia. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja pale mjini kwetu, mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na malori mawili matatu. Jina lake nalihifadhi. Shangazi alikwenda kwake jioni. Asubuhi hela zilikuwa hospitali, zote, bila karatasi wala shahidi. Mama alipona. Naandika sentensi hiyo fupi nikijua uzito wake: mama yangu yuko hai kwa sababu mtu mmoja alikuwa na pesa na aliamua kuzitoa.

2015 mtu huyo akagombea udiwani. Mama alivaa khanga ya kampeni hata siku ambazo hakukuwa na mkutano. Alipika bure kwa vijana wa hamasa. Nilikuwa kidato cha tano, nimetoka kusoma *A Man of the People* ya Chinua Achebe, ile iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kuwa *Mwakilishi wa Watu*, na nilikuwa na kiburi cha mtu aliyesoma kitabu kimoja. Nikamweleza mama habari za Chief Nanga, mwalimu wa zamani aliyetajirika kwa uwaziri huku watu wa kijijini kwao wakimpenda hivyohivyo, wakisema acha ale, na wengine walikula kabla yake.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Sasa huyo alitajirikia kwenye cheo. Wetu ana vyake. Ameshashiba." Nikanyamaza, kwa sababu kwa kweli alinishinda. Achebe alimwandika mtu anayekwenda mezani na njaa. Kuhusu anayekwenda ameshiba, mimi na kitabu changu hatukuwa na jibu.

Alishinda. Na kusema haki, sikuwahi kusikia ameiba. Haya ndiyo yamenikalisha na hoja hii miaka yote: labda ilikuwa kweli. Labda hakuiba hata shilingi.

2017 ikaja habari kwamba vibanda vya upande wetu vya barabara viondoke, eneo litakuwa maegesho ya malori. Vibanda ishirini na kitu: akina mama wa chakula, fundi baiskeli, wauza mitumba, vinyozi. Notisi siku kumi na nne. Wanawake wakakaa, wakaandika barua kwa diwani kumwomba aitishe mkutano, awaeleze eneo mbadala liko wapi. Hawakuomba kubwa. Barua ilizunguka kibanda kwa kibanda, ikafika kwa mama. Yeye ndiye aliyekuwa amekaa pale kuliko wote, na wenzake walitaka jina lake liwe la kwanza.

Mama alifuta mikono kwenye khanga, akaisoma taratibu, akairudisha.

"Mtanisamehe wenzangu," alisema. "Nitamdaije mtu anayenidai?"

Nilikuwa nimesimama karibu na jiko. Nilikasirika, na nikamwonea aibu, na sasa hivi naona aibu kwamba nilimwonea aibu. Lakini sentensi ile ndiyo jibu nililolikosa siku ya Achebe. Tunapomsifu tajiri mgombea kwamba hatatuibia, tunauliza kuhusu mfuko wake. Tungeuliza kuhusu sisi: baada ya kura, nani atakuwa anamdai nani? Mpiga kura anatakiwa awe mdai. Amemwajiri mtu, anataka hesabu. Lakini wengi wetu tulikwenda kituoni kulipa deni. Deni la hospitali, la jeneza, la ada. Tukiishalipa kwa kura tunadhani tumemaliza, kumbe wema haulipiki kwa mara moja. Tunabaki tunainamisha macho.

Hapo ndipo nikamwelewa na baba mdogo upya. Barabara ya kutoka Kasumbalesa hadi Lubumbashi ina karibu kilometa tisini, na kila akiipita alikuwa akilipa ushuru. Alikuwa na risiti zake, amezibana na raba kwenye dashibodi. Halafu alirudi kwetu anasema: "Moïse ametujengea lami." Ametujengea! Mtu ana risiti mkononi na bado anashukuru kama aliyepewa zawadi. Simlaumu Katumbi kwa hilo. Wapo magavana wengi waliokusanya ushuru na lami isionekane. Yeye ilionekana, na madereva si wajinga. Ila mtu akiwa tajiri kabla ya cheo, kila anachokifanya kwa pesa za umma kinanukia pesa zake. Shukrani inakwenda kwake hata pale ambapo mlipaji ni wewe.

Agosti 2018 baba mdogo alinipigia simu akiwa upande wa Zambia, kwenye foleni ya Kasumbalesa. Katumbi alikuwa palepale mpakani, anataka kuingia nchini mwake awahi kuchukua fomu ya urais, na amezuiwa. "Leo na yeye ameijua foleni," alisema, na akacheka, lakini sauti ilikuwa nzito. Hakuingia. Alirudi Lubumbashi Mei 2019, umati ukajaa barabarani. Desemba 2023 akagombea hatimaye, na matokeo yaliyotangazwa yalimpa nafasi ya pili, karibu asilimia 18, Tshisekedi akipewa 73. Wapinzani waliyakataa. Baba mdogo naye aliyakataa, akiwa Tunduma, bila kura.

Mama alihamishia mgahawa uchochoroni, wateja wakapungua nusu. Hakusema neno baya juu ya diwani. Alianza kuweka akiba. Sikujua ya nini, mpaka siku moja mwaka 2019 aliponiomba nimsindikize. Alivaa vizuri, akabeba bahasha. Tukamkuta yule bwana dukani kwake, nyuma ya mabati, ametukaribisha kwa heshima zote na soda. Mama akasalimia, akaweka bahasha mezani. Laki tatu na themanini.

Yule bwana alicheka, si kwa dharau, kwa mshangao. "Mama, ile ilikuwa sadaka. Mimi nitachukua hela yako kweli?" Akaisukuma bahasha taratibu irudi kwetu. Mama akaisukuma tena. Akairudisha tena, akamshika mkono, akamwombea afya njema.

Alikuwa mwema. Nataka hilo lisomeke hivyo. Lakini njiani kurudi mama hakuongea, na nilipomtazama niliona uso wa mtu aliyenyimwa kitu.

Bahasha hiyo ipo mpaka leo kwenye sanduku lake, chini ya khanga ya kampeni. Biashara imewahi kukwama, sukari imewahi kukosekana, hajaigusa. Baba mdogo humtania kwamba angenunua meza mpya. Yeye hujibu kwamba hela ile si yake.