Kiasi Huanzia Nyumbani



Jumamosi moja tulimtuma dukani binti yetu wa miaka tisa akanunue sukari. Alirudi na sukari, lakini chenji, noti ya shilingi 5,000, hakuwa nayo. Sisi wazazi wake wote wawili tulimfokea, mmoja akinyamaza mwingine anapokea. Tulimwita mzembe, kisha tukamwita mwongo. Alisimama ameshika sukari, machozi yakimtiririka.

Mara tukasikia hodi. Alikuwa mzee wa kanisa. Papo hapo sauti zetu zikabadilika: "Karibu, mzee! Habari za nyumbani?" Tukatabasamu, tukaandaa chai.

Jioni, wakati wa kufua, tuliikuta ile noti kwenye pindo la gauni lake. Mfuko ulikuwa umetoboka.

Usiku huo hatukupata usingizi. Siku zote tulizoea kusema, "Hasira zilitushinda." Kumbe si kweli. Hasira zilezile zilitulia mara tu mgeni alipobisha hodi. Uwezo wa kujizuia tulikuwa nao. Mgeni tulimpa, mtoto tukamnyima.

Tukisikia neno kiasi, wengi wetu hufikiria ulevi na ulafi. Lakini katika Wagalatia 5:22-23 Mtume Paulo anakitaja kiasi mara tu baada ya upole. Nayo Mithali 25:28 inamfananisha mtu asiyejitawala na mji uliobomoka kuta. Na kuta zikibomoka, wa kwanza kuumia ni wale walio ndani.

Asubuhi, kabla ya kwenda ibadani, tulimketisha binti yetu tukamwomba msamaha. Haikuwa rahisi, maana tumelelewa tukiamini kwamba mzazi hamwombi mtoto msamaha. Aliinama kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi si mwongo?" Swali hilo lilituchoma mioyo.

Tangu siku hiyo tuna utaratibu wetu. Mmoja akianza kupandisha sauti, mwenzake humwambia taratibu, "Hodi." Basi hunyamaza, hutoka uani kidogo, huomba, ndipo hurudi kuzungumza na mtoto. Adhabu inayostahili bado tunaitoa, ila matusi tumeyaacha. Ziko siku tunashindwa. Siku hizo tunaomba msamaha tena.

Dada mpendwa, ile sauti unayomwekea mgeni, mwanao naye anaihitaji. Tumwombe Roho Mtakatifu atusaidie, tukianzia jikoni kwetu leo hii.